Dia, Mahakama na Deni la Dola: Utetezi wa Haki Rejeshi katika Wajir na Kaskazini mwa Kenya, 1992–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna jamii za Wajir na maeneo jirani ya kaskazini mwa Kenya zilivyodai, zilivyojenga na zilivyogombania haki rejeshi tangu vita vya koo vya mwaka 1992 hadi kuzinduliwa kwa Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki mwaka 2020. Hoja kuu ni kwamba taratibu za suluhu zilizoibuka Wajir hazikuwa mila kongwe iliyofufuliwa tu, bali asasi mpya iliyoundwa na watu wa koo mbalimbali, wanawake wakiwa mstari wa mbele, baada ya sheria za jinai za serikali kupoteza uhalali machoni pa wenyeji. Aidha, insha inaonyesha kwamba taratibu hizo zilipoandikwa na kupewa vipimo, wanawake walioanzisha harakati walithaminiwa kwa nusu ya kipimo cha mwanamume. Mwisho, insha inadai kwamba mjadala wa haki rejeshi nchini Kenya umemtazama zaidi mwananchi mkosaji na kuiachia dola nafasi ya mwamuzi, ilhali katika historia ya Wajir dola yenyewe ni mdaiwa.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali hii hutajwa mara kwa mara katika mijadala kuhusu mabaraza ya usuluhishi Afrika Mashariki, na aghalabu hutajwa kana kwamba inamaliza mjadala. Hata hivyo, mwanahistoria analazimika kuuliza maswali ambayo methali haiyajibu. Ni wazee gani? Ni nani aliyewaita kikaoni? Neno lisiloharibika ni la nani, na ni nani hakupewa nafasi ya kulisema?

Kwa madhumuni ya insha hii, haki rejeshi ni mkabala unaolitazama kosa la jinai kwanza kama dhara alilotendewa mtu na mahusiano yake, na kisha kama uvunjaji wa sheria ya dola. Kwa hiyo hatua ya msingi ni kukiri kosa, kufidia dhara na kurejesha mahusiano, wala si kumtia mkosaji gerezani peke yake. Mkabala huu unatofautiana na ule wa haki ya kuadhibu, ambamo dola huchukua nafasi ya aliyedhurika, hushtaki kwa jina lake yenyewe, na aliyedhurika hubaki shahidi tu katika kesi inayohusu maisha yake.

Wajir imechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, harakati zake zilitangulia sera ya taifa kwa zaidi ya miaka ishirini na zikawa mfano wa kamati za amani zilizoenea kwingineko nchini. Pili, ni mahali ambapo dhara lililotendwa na raia na dhara lililotendwa na askari wa serikali yamo katika kumbukumbu moja. Tatu, ni mahali ambapo ubora na upungufu wa haki rejeshi vinaonekana kwa pamoja, tena katika nyaraka zilezile. Insha inategemea nyaraka za umma: sheria, maamuzi ya mahakama, maazimio ya wazee na ripoti za tume.

2.0 Urithi wa Adhabu ya Pamoja

Haiwezekani kuelewa kwa nini watu wa Wajir walitafuta haki nje ya mahakama pasipo kuangalia sheria ya jinai iliwafikia kwa sura gani. Katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, utawala wa Kiingereza haukujitambulisha kwa hakimu na wakili. Ulijitambulisha kwa mkuu wa wilaya, kikosi cha askari na faini ya mifugo. Sheria ya Adhabu za Pamoja ya mwaka 1909 iliruhusu jamii nzima kutozwa kwa kosa la mtu mmoja, na Sheria ya Utawala wa Wilaya Maalumu ya mwaka 1934 iliwapa maofisa wa utawala mamlaka makubwa juu ya mienendo, malisho na mali za wafugaji.

Hapa pana jambo linalohitaji kufafanuliwa. Wasomali wa eneo hilo walikuwa na utaratibu wao wa uwajibikaji wa pamoja, yaani dia, fidia ya damu inayolipwa na ukoo wa muuaji kwa ukoo wa aliyeuawa. Utaratibu huo unatokana na mkataba wa kimila uitwao xeer pamoja na fiqhi ya Kiislamu. Kwa mtazamo wa juu juu, faini ya mkoloni na dia ya ukoo vinafanana, kwa kuwa katika hali zote mbili kundi hulipia kosa la mmoja wao. Tofauti yake iko katika mwelekeo wa malipo. Ngamia wa dia walikwenda kwa waliofiwa, na kwa kupokelewa kwao ulipizaji kisasi ulikatazwa. Ngamia wa faini ya serikali walikwenda serikalini, na waliofiwa walibaki na msiba wao. Adhabu ya pamoja iliazima umbo la uwajibikaji wa ukoo lakini ikaondoa ndani yake kile kilichoufanya uwe haki.

Uhuru wa Kenya haukuubadilisha mtindo huu. Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hilo mwishoni mwa mwaka 1963, vita vilivyoitwa vya shifta vikaendelea hadi 1967, na hali hiyo ya hatari haikuondolewa hadi mwaka 1991. Sheria ya Kinga ya mwaka 1970 iliwalinda maofisa wa serikali dhidi ya madai yaliyotokana na matendo yao katika kipindi cha vita hivyo. Yaani, kwa takriban miaka ishirini na minane mfululizo, watu wa Wajir waliishi chini ya sheria tofauti na ile ya raia wengine wa Kenya.

Kilele chake kilikuwa Wagalla. Tarehe 10 Februari 1984 vikosi vya usalama vilianza kuwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa kwa siku kadhaa bila chakula wala maji, wakapigwa, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57, ilhali manusura na viongozi wa jamii walitaja idadi ya mamia mengi, na wengine maelfu. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Sababu iliyotolewa na serikali ilikuwa kutafuta silaha katika mgogoro wa koo. Kwa maneno mengine, operesheni iliyodaiwa kuzima ugomvi wa raia iliua kwa kigezo cha ukoo, bila kumtenganisha mwenye hatia na asiye na hatia.

3.0 Wanawake wa Sokoni na Azimio la Al Fatah

Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilianguka, na silaha na wakimbizi wakavuka mpaka. Wakati huohuo ukame ulikuwa umeua mifugo mingi. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992 ulizidisha uhasama, hasa kati ya Ajuran na Degodia walioshindania kiti cha Wajir Magharibi. Kati ya 1992 na 1995 mapigano ya koo yalihusisha Ajuran, Degodia na Ogaden, na inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Watumishi wa serikali waliotoka nje ya wilaya waliogopa kukaa, na polisi walionekana ama kushindwa ama kupendelea.

Katika mazingira hayo, harakati za amani hazikuanzia barazani wala ofisini. Zilianzia katika mazungumzo ya wanawake waliokutana arusini katikati ya mwaka 1993, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Walichokishughulikia kwanza ni soko. Uhasama ulikuwa umefika mahali ambapo wanawake wa ukoo mmoja walikataa kununua au kuuziana na wanawake wa ukoo mwingine, na wengine walizuiwa kabisa kuingia sokoni. Kikundi hicho kilikubaliana kwamba soko liwe mahali salama kwa kila mwanamke, na kikaunda kamati ya ufuatiliaji iliyopokea taarifa za ubaguzi au vitisho na kuzishughulikia kabla hazijageuka visasi.

Umuhimu wa hatua hiyo kwa historia ya haki ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Soko lilikuwa mahali ambapo koo zote zilihitajiana kila siku. Aliyeudhiwa sokoni aliweza kusikilizwa siku ileile, na aliyemuudhi alitakiwa kurekebisha mwenendo ili aendelee kuuza. Humu mna viini vyote vya haki rejeshi: lalamiko linalosikilizwa upesi, mkosaji anayekabiliwa na aliyemkosea, na sababu ya kweli ya pande mbili kutaka kuendelea kuishi pamoja. Kanuni hizo zilifanya kazi bila mtu yeyote kuziita mila.

Kutoka sokoni harakati zilipanda hadi kwa wazee. Mbinu iliyotumika ilikuwa ya busara: wazee wa koo ndogo, zisizokuwa na upande katika vita, ndio waliotangulizwa kuwaita wazee wa koo kubwa. Vikao hivyo vilizaa Azimio la Al Fatah la Septemba 1993, lililoweka kanuni za kurudi kwa amani na namna ya kushughulikia mauaji na wizi wa mifugo kwa fidia. Vijana, wafanyabiashara na viongozi wa dini nao waliunda vikundi vyao. Mwaka 1995 vikundi hivyo viliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, iliyowekwa ndani ya muundo wa maendeleo wa wilaya, ikimshirikisha mkuu wa wilaya. Kulikuwa pia na timu ya kuitikia matukio kwa haraka, yenye wazee, wanawake na maofisa wa usalama, iliyokwenda mahali pa tukio kabla damu ya kwanza haijaita ya pili.

Ni kosa, basi, kuieleza Kamati ya Wajir kama kurejea kwa mila. Xeer halisi haikumpa mwanamke kiti katika kikao cha dia, wala haikumpa mkuu wa wilaya nafasi ya kuwa mshirika. Kilichotokea ni ubunifu wa kiasasi: maarifa ya fidia kutoka katika mila, uhalali wa kimaadili kutoka katika dini, mtandao kutoka kwa wanawake, na magari na redio za mawasiliano kutoka serikalini. Dekha Ibrahim alitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, miaka minne kabla ya kufariki kwake Julai 2011. Lakini heshima ya kimataifa haikuwa sawa na nafasi katika maazimio yaliyofuata, kama inavyoonyeshwa hapa chini.

4.0 Azimio la Modogashe: Mia na Hamsini

Mafanikio ya Wajir yaliwavutia majirani. Mwaka 2001 viongozi wa jamii, wazee na maofisa wa utawala kutoka wilaya za Mkoa wa Kaskazini Mashariki na baadhi ya wilaya jirani walikutana Modogashe na kupitisha azimio lililojulikana kwa jina la mji huo. Azimio lilihusu malisho, maji, wizi wa mifugo, ujambazi wa barabarani, silaha haramu na kazi za kamati za amani. Mwaka huohuo serikali iliunda Kamati Elekezi ya Taifa ya Ujenzi wa Amani na Usuluhishi wa Migogoro chini ya Ofisi ya Rais. Jambo lililoanza kama dharura ya mji mmoja lilikuwa linaanza kuwa utaratibu wa serikali.

Kuhusu mauaji, Azimio la Modogashe liliweka fidia ya ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Viwango hivyo vinafuata hesabu ya dia inayojulikana katika fiqhi na katika xeer, hivyo waliovipitisha hawakujiona kuwa wanabuni neno jipya. Kwa upande wa kutuliza visasi, kipimo kilichokubaliwa mapema kina faida iliyo wazi. Kinaondoa mabishano wakati wa hasira, na kinaufanya ukoo wote uwe na sababu ya kumzuia kijana wake mapema, kwa kuwa wote watalipa.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya desturi inayotumika kikaoni, ambayo hujadiliwa, hupunguzwa na hurekebishwa, na desturi iliyoandikwa katika waraka ambao maofisa wa serikali wameshiriki kuupitisha. Waraka huo ulifanya mambo mawili kwa pamoja. Uliithibitisha fidia kuwa njia halali ya kumaliza kesi ya mauaji machoni pa utawala, ingawa Kanuni ya Adhabu ya Kenya haikuitambua njia hiyo. Tena ulitangaza, mbele ya maofisa hao, kwamba uhai wa mwanamke una nusu ya uzito wa uhai wa mwanamume. Wanawake waliolinda soko mwaka 1993 walijikuta ndani ya azimio ambalo lisingetungwa bila kazi yao, na ambalo liliwahesabu nusu.

Tatizo halikuishia kwenye idadi ya ngamia. Dia hulipwa kwa ukoo, na sehemu inayomfikia mjane au mtoto hutegemea mgawo unaofanywa na wanaume wa ukoo. Katika makosa ya kingono tatizo ni zito zaidi. Suluhu ya wazee, ambayo kaskazini huitwa maslaha, imetumika pia katika kesi za ubakaji na unajisi wa watoto, ambapo ukoo wa mkosaji hulipa na ukoo wa msichana hupokea. Watetezi wa haki za wanawake wa eneo hilo wamelipinga jambo hili kwa muda mrefu, wakidai kwamba hapo msichana hakurejeshewa chochote; mahusiano yaliyorejeshwa ni ya wanaume wa koo mbili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 iliunga mkono hoja hii kwa kuamuru kwamba uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya makosa hayo ubaki mikononi mwa Mwanasheria Mkuu, si kwa polisi wala familia.

Pingamizi hili halikuwa la watu wa nje wasioielewa jamii. Lilitoka ndani ya harakati zilezile za amani, na lilitumia kigezo kilekile cha haki rejeshi: ni nani aliyedhurika, na je, yeye ndiye aliyefidiwa?

5.0 Katiba ya 2010 na Mwezi wa Mei 2013

Katiba iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010 iliweka suala hili katika ngazi mpya. Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama zikuze njia mbadala za kutatua migogoro, zikiwemo upatanisho, upatanishi, usuluhishi na taratibu za jadi. Kifungu hichohicho kinakataza taratibu za jadi zinazokiuka Sheria ya Haki, zinazochukiza haki na maadili, au zisizopatana na Katiba. Kifungu cha 27 kinahakikisha usawa wa wanawake na wanaume. Kwa hiyo Katiba ilifungua mlango na kuuwekea kizingiti papo hapo.

Maana ya mlango huo na kizingiti hicho ilijaribiwa kwa namna tatu ndani ya mwezi mmoja, Mei 2013.

Jaribio la kwanza lilikuwa katika Mahakama Kuu jijini Nairobi. Mshtakiwa wa kesi ya mauaji na familia ya marehemu walikuwa wamepatana kwa mujibu wa mila na dini yao. Ngamia, mbuzi na vitu vingine vilikuwa vimelipwa, na familia ikaeleza kwamba imeridhika. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliomba kuiondoa kesi, na mahakama, ikizingatia Kifungu cha 159, ikakubali. Kwa mara ya kwanza dia ilikuwa imemaliza shtaka la mauaji ndani ya mahakama yenyewe badala ya nje yake. Wapo walioupokea uamuzi huo kama ushindi wa jamii. Wapo pia walioona hatari ya tajiri kununua uhai wa maskini. Katika kesi nyingine za mauaji zilizokuja baadaye, majaji wengine walikataa maombi ya namna hiyo, wakisisitiza kwamba mauaji ni kosa dhidi ya umma mzima.

Jaribio la pili lilikuwa tarehe 21 Mei 2013, pale Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipomkabidhi Rais ripoti yake. Tume hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 baada ya machafuko ya uchaguzi, ilisikiliza ushahidi kuhusu Wagalla na mauaji mengine ya kaskazini, na ikapendekeza fidia kwa waathiriwa.

Jaribio la tatu lilikuwa tarehe 27 Mei 2013. Mahakama Kuu ya Meru iliamua, katika shauri lililowasilishwa kwa niaba ya wasichana walionajisiwa, kwamba polisi walikiuka haki za kikatiba za wasichana hao kwa kushindwa kuchunguza malalamiko yao ipasavyo. Ingawa Meru si Wajir, uamuzi huo unagusa kiini cha mjadala. Ulithibitisha kwamba dola ikizembea kumshughulikia mkosaji, nayo yenyewe imemkosea aliyedhurika.

Matukio haya yakisomwa pamoja, tunapata picha isiyopatikana kwa kusoma moja peke yake. La kwanza linasema jamii inaweza kupatana na dola ikakaa kando. La tatu linasema dola ikikaa kando inaweza kuwa imevunja haki. La pili linauliza swali ambalo mengine mawili hayaligusi: aliyeua akiwa ni dola, ni nani atakayemwita barazani?

6.0 Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki, 2020

Machi 2016 Jaji Mkuu Willy Mutunga aliunda jopokazi chini ya uenyekiti wa Jaji Joel Ngugi lichunguze taratibu za haki zinazotumika nje ya mahakama. Kazi yake ilizaa Sera ya Mifumo Mbadala ya Haki, iliyozinduliwa Agosti 2020 wakati wa Jaji Mkuu David Maraga. Sera hiyo inatambua aina mbalimbali za mifumo: ile inayojitegemea ndani ya jamii, ile inayosimamiwa na mtu au asasi ya tatu, na ile iliyounganishwa na mahakama. Inasisitiza hiari ya washiriki na heshima kwa haki za binadamu, na inataka makundi yaliyo katika hatari ya kukandamizwa yalindwe.

Ikilinganishwa na Azimio la Modogashe, sera hii ni hatua kubwa. Modogashe ilianza na kipimo cha fidia. Sera inaanza na utu wa anayefika kikaoni. Pamoja na hayo, mambo mawili yanahitaji kutiliwa shaka. Kwanza, dhana ya hiari ni nyepesi katika maandishi na nzito katika maisha. Msichana ambaye baba yake, wajomba zake na wazee wake wamekubali maslaha hana hiari ya kweli ya kusema hapana, kwa sababu akikataa atabaki bila ukoo katika mazingira ambamo ukoo ndio bima, benki na ulinzi. Ulinzi wake hautokani na neno hiari katika waraka. Unatokana na kuwepo kwa ofisa wa polisi atakayepokea lalamiko lake hata wazee wakiwa wamekwisha kupatana, na wanawake wenzake watakaoandamana naye hadi kituoni.

Pili, sera inaichukulia dola kama msimamizi wa mifumo ya jamii: inaitambua, inaielekeza, inairekebisha. Kwa mujibu wa historia iliyoelezwa hapa, uhusiano huo umekaa kichwa chini. Mifumo ya Wajir ilikua kwa sababu dola ilikuwa imeshindwa, na kabla ya kushindwa ilikuwa imedhuru.

7.0 Deni la Dola

Tarehe 26 Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali yake na zilizotangulia kwa dhuluma zilizopita, na akatangaza mfuko wa haki rejeshi wa shilingi bilioni 10 kwa kipindi cha miaka mitatu. Neno ambalo harakati za kijamii zilikuwa zimelitetea kwa miongo miwili lilitamkwa na mkuu wa nchi. Hata hivyo, kipindi hicho cha miaka mitatu kilipita, na hadi sera ya 2020 ilipozinduliwa waathiriwa wa Wagalla na wengine walikuwa bado wanadai kulipwa.

Hapa inafaa kuirejea dia, si kwa kuitukuza bali kwa kuitumia kama kipimo. Xeer ina upungufu mkubwa kuhusu mwanamke, lakini ina kanuni moja ambayo sheria ya jinai ya Kenya haijaipata: mkosaji, awe na nguvu kiasi gani, anadaiwa na waliofiwa, na deni hilo haliishi kwa mkosaji kunyamaza. Ukoo usiolipa hauwezi kulalamika damu yake ikimwagwa. Kwa kipimo hicho, ombi la radhi lisilofuatwa na malipo si suluhu; ni kukiri deni tu. Wazee wa Al Fatah wangeliuliza swali fupi: mmekiri, basi malipo yako wapi?

Inaweza kupingwa kwamba dola si ukoo, na kwamba fidia ya mauaji ya halaiki inahitaji bajeti, orodha za waathiriwa na sheria za utekelezaji. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini koo za Wajir nazo zilikusanya fidia katika kipindi cha ukame, zikiwa na mifugo michache, na zilifanya hivyo kwa sababu zilijua kwamba bila malipo vita vingerudi. Tofauti, kwa hiyo, haiko tu katika uwezo. Iko katika ukweli kwamba ukoo ulimwogopa jirani yake, ilhali dola haikuwa na sababu ya kuwaogopa wajane wa Wagalla.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba historia ya utetezi wa haki rejeshi kaskazini mwa Kenya haiwezi kusimuliwa kama ushindani wa mila dhidi ya usasa, wala wa jamii dhidi ya mahakama. Watetezi wa Wajir walitumia kila kilichokuwa karibu nao: soko, msikiti, ukoo na ofisi ya mkuu wa wilaya. Ubunifu huo ulikomesha vita ambavyo askari walishindwa kuvikomesha. Hata hivyo, ulipogeuzwa kuwa waraka, uliandikwa kwa mkono wa wale waliokuwa na viti tangu zamani, na kipimo cha hamsini kikabaki kuwa ushahidi wa nani hakushika kalamu.

Mambo mawili yanafuata kwa watafiti wa mageuzi ya sheria za jinai. Kwanza, mfumo wowote wa suluhu upimwe kwa aliyedhurika, si kwa utulivu unaofuata. Utulivu unaweza kununuliwa kwa kumnyamazisha mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke au mtoto. Pili, dola inayotaka kuwa mlezi wa haki rejeshi haina budi kuingia kikaoni kwanza ikiwa mdaiwa. Hadi itakapolipa deni la Wagalla, kila inapowafundisha wazee wa Wajir namna ya kuendesha usuluhishi itakuwa inafundisha somo ambalo wanafunzi wake walilifahamu zamani, na ambalo mwalimu mwenyewe bado hajalifanyia mtihani.